Mnara wa Magurudumu Ukianza Kuyumba: Dalili, Chanzo na Dawa Kwenye Mijengo ya Nairobi

Fundi wa plasta akiwa mita tano juu akisema mnara "unacheza", dawa ya kwanza kwenye mijengo yetu ni waya ya kufungia nondo. Inazungushwa mara tatu, inakazwa kwa koleo, kazi inaendelea. Waya hiyo haijatibu kitu; imeficha tu mahali ambapo tatizo lingeonekana. Kasoro nyingi za mnara wa magurudumu husikika juu lakini huanzia chini, kwenye magurudumu, kwenye udongo na kwenye bresi za kwanza, yale mabomba yanayounganisha fremu zisichezecheze. Kwa hiyo hapa tunaanza na kile unachokiona au kukisikia, kisha tunashuka nacho mpaka tukikute kilipoanzia.

Nazungumzia mnara ule wa fremu za alumini au chuma, wenye magurudumu manne, unaokodishwa kwa siku au kwa wiki kwa kazi za plasta, rangi, jipsamu na stima. Viunzi vya miti vina magonjwa yao mengine na vinahitaji maelezo yao.

Kabla ya chochote, watu washuke na vifaa vizito vishuke. Hakuna kukaza, kulegeza wala kuinua mguu wa mnara mtu akiwa juu, hata akisema "fanya haraka nimalizie hapa".

Unayumba

Fundi akishuka, usimuulize kama mnara unayumba. Muulize unayumba kuelekea wapi. Kisha hakikisha mwenyewe: shika nguzo kwenye kimo cha kifua, sukuma na kuvuta polepole, kwanza kwa urefu wa mnara, halafu kwa upana. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Ukicheza kwa urefu, yaani kule linakolala jukwaa, mshukiwa ni bresi. Fremu za miisho zina vipago vilivyochomelewa kama ngazi, kwa hiyo upana wa mnara umeshikwa na fremu zenyewe. Urefu hauna wa kuushika ila bresi za mshazari. Bresi moja ikikosekana mnara bado utasimama, tena utasimama vizuri tu, mpaka pale mtu atakapoegemea ukuta kwa nguvu. Yadi za kukodisha huwa makini kuhesabu fremu na majukwaa kwa sababu ndivyo vyenye bei. Bresi hutupwa tu kwenye pikapu kama kuni. Omba orodha ya vipande vya mnara wa kimo unachotaka, na uhesabu pikapu ikiwa bado iko getini. Ukishatia sahihi na dereva ameondoka, kipande kilichopungua ni chako.

Zikiwa zote zipo, angalia zimeelekea wapi. Mshazari wa hatua moja ukipanda kulia, wa hatua inayofuata upande kushoto. Zikiegemea zote upande mmoja, mnara unashikwa vizuri kuelekea huko na vibaya kuelekea kwingine. Halafu sogea karibu uangalie kulabu. Kila kulabu ya bresi ina kifungio chenye springi, na adui wake mkubwa ni plasta iliyokaukia ndani. Kwa macho inaonekana imeshika. Ukiigonga kwa kidole utaona ulimi wake umebaki nusu nje, umezuiwa na punje ya mchanga. Ing'oe, isafishe kwa maji na brashi ya waya, irudishe mpaka usikie mlio wa kufunga. Bresi ambayo springi yake imekufa irudi yadi. Hapo ndipo waya ya nondo huingia kwa kawaida, na hapo ndipo inapaswa kukataliwa.

Mnara ukicheza kwa upana, shuka kwenye magurudumu. Chukua karatasi ya mfuko mtupu wa simenti, ikate kipande, ujaribu kuipitisha chini ya kila gurudumu. Ikipita mahali, mguu huo haubebi chochote na mnara wako umesimama kwa miguu mitatu. Zungusha nati ya mguu wa skrubu mpaka gurudumu liguse na kubana, kisha weka pimamaji kwenye kipago cha chini na kwenye nguzo. Skrubu hizo ni za kusawazisha, si za kuongeza kimo. Ukikuta msimamizi amezitoa zote nne mpaka mwisho ili fundi afikie dari, anachohitaji ni fremu nyingine.

Magurudumu yakiwa sawa, angalia pini au klipi zinazofunga fremu ya juu kwenye ya chini. Kiungio kisicho na pini hushikwa na uzito tu, na upande ukipunguziwa uzito fremu hupanda kidogo na kurudi. Ndiyo ule mlio wa "kok-kok" fundi anaousikia akihama kutoka kona moja hadi nyingine.

Kuna na yumbo la tatu, mnara unapojipinda: ukisukuma kona ya juu, kona ya mkabala nayo inakwenda upande wake. Chini hapana mraba. Pima kwa tepu kutoka kona hadi kona ya mkabala nayo, mishazari yote miwili. Vipimo visipolingana, bresi ya mlalo ya pale chini haipo au imefungwa vibaya. Mnara ulioanza umepinda hauwezi kunyooshwa ukiwa juu. Ufungue urudi mpaka fremu ya kwanza.

Kila kitu kipo mahali pake, bado unayumba

Basi mnara ni mrefu kuliko kitako chake. Hapa hesabu husema vizuri kuliko hotuba. Chukua mnara mwembamba wenye kitako cha upana wa mita 0.8, na tuseme pamoja na fundi wake una kilo 250. Kutoka katikati hadi ukingo wa kitako ni mita 0.4. Mtu akiwa mita 6 juu, nguvu ya kusukuma ukuta inayotosha kuanza kuuinua upande mmoja ni 250 mara 0.4, gawa kwa 6: kama kilo 17. Hiyo ni pungufu ya uzito wa ndoo moja ya maji ya lita 20. Fundi wa stima anayetoboa zege kwa drili ya nyundo anaweza kufika hapo bila kujua.

Ndiyo maana ya ile miguu ya pembeni inayotanuliwa pande nne. Inaongeza upana wa kitako, na kwenye mijengo mingi ndiyo inayoachwa yadi kwa kuwa inakodishwa kwa bei yake, au inafungwa ikiwa imekunjwa kwa kuwa inaziba njia ya mikokoteni ya mchanga. Itanue yote, ncha zake ziguse ardhi kwa kubana, na uivute kwa mkono kuona kama imeshika. Ukuta ukizuia upande mmoja, usifunge mitatu ukasema inatosha. Funga mnara kwenye jengo lenyewe, kwa bomba na klampu, kwenye nguzo au dirisha la zege lililokomaa.

Kipimo cha Ulaya cha minara hii, EN 1004, kinaishia mita 8 nje na mita 12 ndani ya jengo pasipo na upepo, kimo kikihesabiwa hadi kwenye jukwaa. Kwa ghorofa zetu, sakafu hadi sakafu ikiwa kama mita 3, mita 8 hazifikii hata sakafu ya ghorofa ya tatu. Kwa hiyo yule anayetaka kupaka rangi nje ya jengo la ghorofa sita pale Kilimani kwa mnara wa magurudumu hana tatizo la kurekebisha. Ana kifaa kisicho cha kazi hiyo. Ajenge skafoldi ya kudumu iliyofungwa ukutani. Na kwa mnara wenyewe, kimo halisi kinachoruhusiwa ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji kwa kitako hicho, hata kikiwa chini ya mita 8.

Asubuhi ulikuwa wima, saa nane umeinama

Mnara haujabadilika, ardhi ndiyo imebadilika. Embakasi, South C, Imara Daima na upande wa Utawala pamesimama juu ya udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba ukinywa maji. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, zinaulainisha kiasi kwamba gurudumu la upana wa sentimita tano linazama kama kisu, na hayazami yote manne sawa. Huko Lavington na Kileleshwa udongo mwekundu ni mgumu ukiwa haujaguswa, lakini ukichimbuliwa kwa bomba la maji taka na kurudishwa bila kushindiliwa, unadanganya vilevile. Juu unaonekana sawa na jirani yake. Wiki moja baadaye kuna bonde.

Ukikuta mnara umeinama, usianze na skrubu. Ukiinua mguu uliozama bila kubadilisha kilicho chini yake, utauinua tena kesho. Sogeza mnara, laza mbao nzito zinazopita chini ya magurudumu mawili mawili, upana wa milimita 225 au zaidi, juu ya ardhi iliyosawazishwa. Jiwe na tofali si mbadala: tofali moja chini ya gurudumu moja huvunjika, na likivunjika huwa halitoi onyo. Kwa udongo mweusi ulioloa, hata mbao hazitoshi. Mimina mawe madogo na uyashindilie, au subiri ukauke.

Angalia pia vifuniko vya mashimo ya maji taka, ukingo wa slabu, na kabro (matofali ya zege ya kutandika uani) mpya ambayo mchanga wake bado haujajikaza. Ndani ya jengo, sakafu inaweza kuwa na mwinamo wa makusudi kuelekea mfereji wa bafu au wa balkoni. Mwinamo mdogo unasawazishwa kwa skrubu. Ukihitaji kutoa skrubu karibu yote upande mmoja, jenga kwanza jukwaa bapa la mbao.

Breki imefungwa, mnara unatembea

Kuna breki zinazozuia gurudumu kubingirika lakini zinaliacha ligeuke kwenye shina lake. Mtu akihama juu, gurudumu linageuka kidogo na mnara unasogea inchi moja. Siyo hatari kila mara, ila fundi wa jipsamu aliyeshika ubao wa dari kwa mikono miwili hahitaji inchi hiyo. Chagua magurudumu yanayofunga yote mawili, kubingirika na kugeuka.

Breki ya namna hiyo ikiteleza, kanyaga kanyagio na usukume gurudumu kwa mguu. Likizunguka, chungulia: mara nyingi ni plasta au rangi iliyojikusanya kati ya kibano na tairi, au tairi limelika likawa dogo kuliko kibano kinavyofikia. La kwanza linasafishwa, la pili linabadilishwa. Na kama gurudumu halizunguki lakini mnara bado unateleza, basi ni sakafu. Terazo iliyosuguliwa ikiwa na vumbi na maji ni sabuni tupu. Fagia, kausha, weka mbao.

Jambo la kuangalia ukiwa hapo chini: shina la gurudumu limefungwa ndani ya nguzo? Mnara ukiinuliwa kupita kizingiti, gurudumu lisilofungwa hubaki nyuma.

Vipande havikubaliani

Fremu haiingii, mtu anaomba nyundo. Mzuie. Fremu ya mnara mzuri huingia kwa mkono; ikikataa, ama imepinda, ama ni ya kampuni nyingine, ama mnara umekwenda nje ya mraba tayari na hiyo ndiyo dalili yako ya kwanza. Weka fremu mbili ardhini moja juu ya nyingine na uone kama vipago vinalingana. Tofauti ya milimita chache inatosha kuzuia bresi isifike, na hapo mtu ataifunga kwenye kipago kisicho chake ili mradi imefunga.

Mchanganyiko wa aina mbili ni ugonjwa wa yadi ndogo. Bomba zinafanana kwa unene, zinaingiliana, lakini urefu kati ya vipago unatofautiana, na jedwali la mtengenezaji la uzito na kimo halihusu tena mnara ulionao. Alumini na chuma katika mnara mmoja pia hapana.

Kuhusu minara inayochomelewa kwenye karakana za jua kali, sina ugomvi na ufundi wa wachomeleaji wetu. Wapo wanaochomelea vizuri kuliko kiwandani. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeupima mnara huo kwa uzito, na hauna maandishi ya kukuambia usimamie wapi. Ukiwa nao tayari, kagua kila mchomeleo palipo na kona: ufa hujionyesha kama mstari mwembamba wa kutu ulionyooka, hata rangi ikiwa mpya. Rangi iliyopasuka kufuata mchomeleo nayo ni ufa mpaka uthibitishe vingine. Bomba lililobonyea halinyooshwi, hukatwa na kutupwa.

Jukwaa linadunda, linalia

Ubao wa jukwaa la kawaida ni plaiwudi yenye fremu ya alumini. Likidunda katikati, ligeuze uangalie chini: tabaka za plaiwudi zikianza kuachana kingoni au riveti zikiwa zimelegea, maji yameshaingia. Hilo halirudi juu. Likilia kwenye miisho tu, ni kulabu zake. Ziwe zimeketi kwenye kipago kikamilifu na vifungio vya kuzuia upepo usiliinue viwe vimefungwa. Mbao za fomwaki, zile za kumwagia zege, zilizolazwa juu ya vipago bila kufungwa si jukwaa. Fundi akikanyaga ncha iliyopita kipago, upande wa pili unapanda naye anashuka.

Ukikuta jukwaa zima, hesabu mzigo. Minara mingi ya kazi nyepesi hubeba kilo 150 kwa kila mita ya mraba, ile imara zaidi kilo 200. Jukwaa la mita 1.8 kwa 0.6 lina mita ya mraba moja na kidogo, kwa hiyo takriban kilo 160. Fundi na mtu wake wa mkono, kilo 140. Wamebakiza kilo 20, na ndoo moja ya lita 20 ya mota iliyojaa ina karibu 40. Mfuko wa simenti wa kilo 50 haupaswi kuonekana huko juu kabisa. Panda na mota nusu ndoo, mara nyingi.

Upande mmoja unainuka mzigo ukipandishwa

Kapi limefungwa kwenye bomba linalochomoza nje ya mnara. Wengi hufikiri bomba linabeba ndoo tu. La: mtu akivuta kamba kutoka chini, bomba linabeba ndoo na nguvu za mvutaji, yaani karibu maradufu. Ndoo ya kilo 40 inakuwa kilo 80 zinazoning'inia nje ya kitako. Bomba likichomoza mita 0.6, tayari limekula karibu nusu ya uthabiti wa ule mnara wa mfano wetu wa juu, kabla ndoo haijakwama kwenye kipago na kijana wa chini hajavuta kwa hasira.

Mota ipandishwe kwa kapi lililofungwa kwenye jengo, au kwa kamba ndani ya kitako cha mnara. Ikibidi kapi liwe kwenye mnara, liwe tu kama mtengenezaji ameliruhusu na kutoa sehemu yake.

Dalili hiyohiyo huja fundi akijinyoosha nje ya reli kufikia kipande cha mwisho cha ukuta. Kushuka, kufungua breki, kusukuma mita moja na kupanda tena huchukua dakika tano, na msimamizi anayemlipa fundi kwa mita ya mraba ajue kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kujinyoosha.

Tope kwenye vipago vya nje

Hii ni dalili ninayoipenda kwa kuwa haiwezi kukanushwa. Uliza kila mtu, atasema anapanda kwa ndani. Kisha angalia vipago vya fremu upande wa nje: alama za buti, tope jekundu, plasta mbichi. Watu wanapanda kwa nje, na kila apandaye anavuta mnara kuelekea kwake.

Usianze kwa kufoka. Panda mwenyewe kwa ndani uone kinachowazuia. Mara ngazi ya ndani haikuletwa. Mara kifuniko cha jukwaa hakifunguki kwa sababu kuna ndoo juu yake. Mara hakuna jukwaa la katikati, na mtu anatoka chini hadi mita 5 bila pa kupumzika. EN 1004 inataka nafasi kati ya jukwaa na jukwaa isizidi mita 2.25, isipokuwa la kwanza kutoka chini. Ondoa kizuizi na tope la nje litakoma lenyewe kwa wengi wao. Wachache watakaobaki, hao sasa ni wa kuzungumza nao.

Ukiwa hapo juu angalia reli. Ya juu isiwe chini ya sentimita 95 kutoka jukwaani, iwepo ya katikati, na chini kuwe na kizuizi cha sentimita 15 ili mwiko na spana zisimwangukie anayepita. Mara nyingi kinachokosekana ni reli ya upande wa ukuta, kwa hoja kwamba "ukuta upo". Upo, lakini dirisha nalo lipo.

Ulikuwa mzima Jumamosi

Jumatatu asubuhi bresi mbili hazipo. Mafundi wa nyumba ya jirani wamezikopa, au mlinzi hakuona, na chuma kina soko mjini hapa hata kikiwa na rangi ya yadi. Kwa hiyo mnara ukaguliwe kabla ya kupandwa kila asubuhi, siyo tu siku ulipojengwa, na ukaguzi ulioandikwa ufanyike ukimaliza kujengwa, kila baada ya siku 7, na baada ya mvua kubwa, upepo au kugongwa na lori la mchanga. Kadi ndogo kwenye nguzo yenye tarehe na sahihi inatosha. Mnara usiokamilika uondolewe ngazi ya chini. Bango linapuuzwa, ngazi isiyokuwepo haipuuzwi.

Upepo

Huhitaji kipima upepo. Vumbi la mjengo likianza kuinuka na mifuko mitupu ya simenti ikianza kutembea yenyewe, umekaribia kilomita 27 kwa saa, na hapo kazi ya juu inasimama. Ukifika 40, mnara ufungwe kwenye jengo. Ukitabiriwa kupita 60, ufunguliwe. Kati ya majengo mawili marefu, na kwenye ghorofa ambazo bado hazina kuta, upepo hujibana na kuongeza kasi, kwa hiyo usipime kwa hali ya getini. Wavu au turubai lililotundikwa kwenye mnara kuzuia vumbi la plasta huugeuza tanga la jahazi. Litundike kwenye jengo.

Unasukumwa, unagoma

Gurudumu limekwama, vijana wanne wanasukuma kwa juu. Wakome. Kusukuma ni kwa chini, karibu na kitako, mnara ukiwa umepunguzwa hadi mita 4, miguu ya pembeni ikiwa imeinuliwa kidogo tu kutoka ardhini, na bila mtu wala kitu juu. Fundi anayebaki juu "kuokoa muda" huku akijivuta kwa kushika dari ni mazoea ya kila mjengo. Ondoa kilichokwamisha gurudumu kwa mkono, usilazimishe.

Na kabla ya kusogeza, tazama juu. Barabara nyingi za mitaa yetu zina nyaya za stima za volti 11,000 zilizopita karibu na balkoni. Stima ya waya wa namna hiyo huweza kuruka hewani kabla hujaugusa, na alumini inapitisha stima vizuri sana. Usikadirie kwa jicho. Iombe kampuni ya umeme kwa maandishi izime au ihamishe laini, na mpaka ifanye hivyo upande huo wa jengo hauna mnara. Mnara ukigusa waya, asiusogelee mtu kumwokoa aliye juu mpaka stima izimwe.

Umeanguka

Mhudumie aliyeumia, uzungushie utepe, na uache vipande vilivyo isipokuwa pale panapobidi kuokoa mtu. Vipande ndivyo vitakavyosema kama ni pini, udongo au mzigo. Vikipangwa vizuri pembeni havisemi tena. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifo kazini lazima mwajiri akiripoti kwa afisa wa usalama na afya kazini wa eneo ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku 7. Fidia ya majeruhi inafuata Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huohuo, na inamhusu kibarua wa siku moja sawa na fundi wa miaka. Andika majina ya waliokuwepo kabla ya jioni, kwa sababu vibarua wa leo huenda kesho wakawa mjengo mwingine. Piga picha za magurudumu, breki na kila kiungio, zikionyesha ardhi iliyo chini. Mnara wenyewe usirudi yadi wala usikodishwe tena mpaka afisa auone.